Nyeupe Zipo Nyingi

Mke wangu Bogumiła alianza na kigae.
Alikileta ndani ya mkoba, kimeviringwa taulo
kama mkate uliotoka tanuri,
akakiweka mezani, kando ya supu,
akasimamisha kijiko juu yake.
Kijiko kikapata pacha, kichwa chini.
Tukatazama, supu ikapoa.
"Kimoja hakitoshi," alisema,
"na vikiwa vingi, kila kiungo ni mstari.
Mteja wangu anauza viatu,
hauzi madaftari ya hesabu."

Kigae sasa tunakatia vitunguu.

Likaja roli la vinili. Siku tisa
likakataa kunyooka, pembe zikijikunja
kama sikio la mbwa anayeota.
Akaja fundi Zenobiusz na sifa za epoksi:
utapata bwawa la maziwa, mama, bwawa tulivu!
Ila madirisha yabaki wazi wiki nzima.
Ilikuwa Januari, Łódź,
theluji imelala juu ya reli za tramu.
Kioo juu ya karatasi, nacho, kilitupa vivuli viwili
kwa kiatu kimoja,
kiatu kikaonekana kimelewa.

Mchagua nazi hupata koroma.
Lakini mji huu hauna minazi
na Bogumiła hana haraka.

Nami nikajifunza kwamba nyeupe si jina la mtu mmoja.
Ipo ya jino.
Ipo ya gauni la ubatizo
lililokaa kabatini miaka thelathini.
Ipo ya hospitali, ina samawati kwa mbali,
na ipo nyeupe pe, inayochoma jicho,
halafu ndani ya kamera inatoka kijivu
kama maji ya kufulia.
Usiku mmoja alinena usingizini:
"Ya tatu kutoka kushoto."

Ya tatu kutoka kushoto ilikuwa akriliki,
mita mbili kwa moja na nusu.
Lifti yetu ina upana wa mita moja
na sisi tunakaa ghorofa ya tano.
Radzimir wa jirani alishika juu,
yeye aliyestaafu kiwanda cha nguo na bado ana mikono;
mimi nikashika chini.
Utando wa kulilinda ulikuwa umebanduka upande wangu,
kwa hiyo nilipanda na vyote:
balbu ya ghorofa ya pili, lipu iliyopasuka,
Bi Halszka na mbwa wake, wote wawili wanashangaa,
na katikati yao uso wangu, mwekundu, unahema.
Nimebeba mengi katika ndoa hii.
Uso wangu mwenyewe, ngazi tano, ndiyo mara ya kwanza.

Tukalilaza katika chumba cha Kajetan.
Kajetan yuko Bergen, anarekebisha injini za meli.
Ubaoni bado kuna alama nyeusi,
pale alipoiacha pasi ya kulehemu akaenda kucheza.
Bogumiła aliinua pembe moja ya bamba,
akatazama,
akalishusha polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.
Hakusema kitu. Akawasha taa.

Viatu vya mteja havikuwa vimefika.
"Vua vyako," aliniamuru, "simama hapo, usisogee."
Nikasimama na soksi.
Tundu la kidole gumba likawa matundu mawili,
kidole kikagusana na kidole
mithili ya watu wanaojuana kwa barua tu.

Yeye hakuliona tundu.
Aliikuza picha hadi chini ya nyayo,
pale taswira inapoanza kufa,
upana wa vidole vinne, kisha mwanga mtupu.
"Tazama inavyofifia," alisema. "Tazama!"
Nikatazama. Nilikuwa nimesimama juu ya mtu
wala hakulalamika.

Leo ameandika mlangoni kwa kalamu nene:
HAPAKANYAGWI.
Sakafu.
Mgongo wangu umelisoma tangazo hilo
mara mbili.